Mwaka Ulioandikwa Si Umri Wake: Namna ya Kutambua Sarafu Kongwe na Medali za Dini

Katika sarafu zote zinazotoka kwenye masanduku ya wazee wa pwani yetu, hakuna iliyowapotosha watu wengi kama ile reale ya fedha yenye sura ya mwanamke aliyejitanda ushungi, tai mwenye vichwa viwili upande wa pili, na mwaka 1780 ukisomeka waziwazi. Aliyerithi reale hiyo hupiga hesabu, akaona ameshika kitu cha zaidi ya miaka mia mbili na arobaini, na mara nyingi hesabu hiyo si ya kweli. Mwanamke huyo ni Malkia Maria Theresa wa Austria, aliyefariki tarehe 29 Novemba 1780, na tangu afariki sarafu yake haikuacha kupigwa chapa, kwa sura ileile na mwaka uleule, kwa kuwa wafanyabiashara wa Uarabuni, Uhabeshi na mwambao wa Afrika Mashariki walikuwa wameizoea, na walichokizoea ndicho walichokiamini. Vienna iliendelea kuitengeneza. Kisha mwaka 1935 Mussolini akajipatia haki ya kuipiga Roma, na baada ya hapo ikapigwa pia London, Paris, Brussels, Birmingham na Bombay. Reale iliyo mkononi mwako inaweza kuwa ya zama za Seyyid Said, na inaweza kuwa ya wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Nimeanza na reale hiyo kwa sababu kosa linalofanyika juu yake ndilo linalofanyika juu ya medali za dini na juu ya karibu kila kipande cha madini chenye maandishi: mtu husoma mwaka kwanza, na akishausoma hasomi kingine. Mwaka ulioandikwa ni dai, kama lilivyo dai lolote, na unapaswa kuthibitishwa na mambo mengine yaliyomo katika kitu hichohicho: vyeo, lugha, aina ya madini, uzito, tundu, na mahali kilipookotwa.

Medali za dini zinaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Medali inayookotwa mara nyingi katika maeneo ya misheni za zamani za Wakatoliki ni ndogo, yenye umbo la yai, ikimwonyesha Bikira Maria amesimama juu ya tufe, miale ikitoka mikononi mwake, na nyuma yake kuna herufi M iliyobeba msalaba, mioyo miwili chini yake, na nyota kumi na mbili pembeni. Hiyo ni Medali ya Miujiza, na mwaka 1830 ulioandikwa humo ni mwaka ambao Catherine Labouré, akiwa bado mnovisi, yaani mtawa aliye katika mafunzo, alitokewa na Bikira Maria katika kikanisa cha Rue du Bac jijini Paris. Medali za kwanza zenyewe zilitengenezwa mwaka 1832. Tangu hapo zimetolewa kwa mamilioni hadi leo, na nyingi bado zina 1830. Kinachosaidia hapa ni lugha ya sala iliyozunguka ukingo. Ikiwa ni Kifaransa, yaani "O Marie conçue sans péché", fikiria njia ya mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, au ya wamisionari wa White Fathers, waliofika maziwa makuu kuanzia 1879. Ikiwa ni Kijerumani, fikiria Wabenediktini wa St. Ottilien. Lugha haitoi ushahidi kamili, kwa maana medali husafiri shingoni mwa watu, lakini inapunguza uwanja wa kutafuta.

Wabenediktini hao walifika Pugu mwaka 1888, na baada ya misheni yao kushambuliwa Januari 1889 walianza upya, wakafungua Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906. Haishangazi, basi, kwamba kusini mwa Tanzania watu hukutana na medali ya Mtakatifu Benedikto, na inafaa kuieleza kwa kirefu kidogo, maana herufi zake huwatia watu hofu wakadhani wameokota kitu cha uchawi. Ndani ya msalaba wake mna herufi C S S M L kwenda chini na N D S M D kwenda kando. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kilatini yasemayo, msalaba mtakatifu uwe mwanga wangu, joka lisiwe kiongozi wangu. Zile zinazozunguka ukingo ni za sala ya kumfukuza Shetani. Hata Ulaya maana yake ilikuwa imesahauliwa, mpaka mwaka 1647 ilipogunduliwa upya katika hati ya zamani ya monasteri ya Metten, Bavaria. Sasa tazama nafasi iliyo juu ya kichwa cha msalaba. Medali za mtindo wa zamani huwa na IHS mahali hapo, ambayo ni alama ya jina la Yesu. Zile za mtindo wa yubilei zina neno PAX, yaani amani, na upande wa mtakatifu huandikwa MDCCCLXXX, namba za Kirumi za 1880, mwaka wa kuadhimisha miaka 1400 tangu kuzaliwa kwake. Hapo tena mtego ni uleule wa reale, kwa kuwa mtindo wa 1880 unatengenezwa mpaka sasa. Neno PAX na tarehe ile vinakuambia jambo moja la hakika, kwamba medali haikutengenezwa kabla ya 1880. Ni miaka mingapi baada yake, itabidi kitu kingine kiseme.

Kwa pwani yetu kuna mtego wa pili, nao ni kalenda. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar ina mizani upande mmoja na mwaka ١٢٩٩ kwa tarakimu za Kiarabu. Wapo wanaosoma 1299 wakaiweka sarafu hiyo katika zama za kale za Kilwa, ilhali huo ni mwaka wa Hijria, sawa na 1882. Kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa jua, haitoshi kujumlisha 622: zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622, nawe utapata jibu lenye tofauti ya mwaka mmoja tu au chini yake. Kanuni hii unaweza kuijaribu kwenye pesa ya kampuni ya Wajerumani, ambayo ina tai na 1890 upande mmoja, na maandishi ya Kiarabu na ١٣٠٧ upande wa pili. Pia usichanganye mizani ya Barghash na mizani ya pesa ya Mombasa, iliyotolewa na kampuni ya Waingereza iliyotawala huko. Ya Mombasa ina herufi za Kizungu pamoja na mwaka 1888, wakati ya Barghash ina Kiarabu pekee.

Baada ya mitego hiyo miwili, ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asome cheo kabla ya kusoma mwaka. Chapa ya mwaka inaweza kurudiwa karne nzima, lakini vyeo vya watawala na vya watakatifu hubadilika kwa tarehe zinazojulikana. Teresia wa Lisieux alitangazwa mwenyeheri, cheo kinachotangulia utakatifu, mwaka 1923 na mtakatifu mwaka 1925. Medali inayomwita "Bienheureuse" au kwa kifupi "Bse" imetoka katika dirisha la miaka miwili tu, na huo ni usahihi ambao mwaka 1830 wa Medali ya Miujiza hauwezi kuukaribia. Joan wa Arc alikuwa mwenyeheri tangu 1909 na mtakatifu tangu 1920. Bernadette wa Lourdes alitokewa mwaka 1858, lakini medali inayomwita mtakatifu haiwezi kuwa ya kabla ya 1933. Kwa wasomaji wa Uganda na jirani zake, kanuni hii inawagusa mashahidi wao, waliotangazwa wenyeheri mwaka 1920 na watakatifu mwaka 1964. Medali yenye Moyo Mtakatifu wa Yesu upande mmoja na Bikira Maria wa Mlima Karmeli upande wa pili kwa kawaida ni medali ya skapulari, vazi dogo la ibada la shingoni, iliyoruhusiwa na Papa Pius wa Kumi mwishoni mwa 1910 ivaliwe badala ya ile ya kitambaa. Na ikiwa kuna sura ya papa, jina lake litakupa mwanzo wa kipindi.

Sarafu nazo zinafuata kanuni hiyohiyo. Rupia za Kihindi, zilizotumika sana Zanzibar, Mombasa na bara kabla ya shilingi kuja, zinamwita Victoria "Queen" hadi 1876, na kuanzia 1877 zinamwita "Empress", kwa kuwa alikuwa ameshatangazwa malkia mkuu wa India. Shilingi ya Afrika Mashariki ya Mfalme George wa Sita ina maneno "Ind. Imp.", kifupi cha mfalme mkuu wa India, mpaka India ilipojitawala, zile za 1948 na kuendelea hazina. Hata fedha za Wajerumani zinagawanyika hivyo. Zenye neno "Gesellschaft", yaani kampuni, ni za miaka ya 1890 hadi 1902. Zenye "Deutsch Ostafrika" pasipo neno hilo ni za serikali, kuanzia 1904, wakati rupia ilipoacha kugawanywa kwa pesa 64 ikagawanywa kwa heller 100. Kutoka heller hizo tumepata neno letu "hela", kama vile "pesa" ilivyotoka kwenye paisa ya Kihindi, na "sumni" kwenye thumuni ya Kiarabu, sehemu ya nane. Lugha yetu imetunza sarafu ambazo mifuko yetu imezisahau.

Inanibidi niseme wazi juu ya fedha za Mjerumani, kwa sababu zimezungukwa na uvumi unaowaumiza watu. Husemwa kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu za ajabu na kwamba mahali fulani kuna tajiri atakayeinunua kwa mamilioni. Watu hukopa, hutapeliwa, na hata hufukua makaburi na misingi ya maboma ya zamani. Rupia ya Mjerumani ni sarafu ya fedha yenye uzito wa gramu 11.66, sawa na rupia ya Kihindi, na thamani yake hutokana na mwaka, hali yake na alama ya kiwanda: A ya Berlin au J ya Hamburg. Heller ya shaba ni ya kawaida mno. Sarafu zinazotafutwa kweli ni zile za Tabora za mwaka 1916, zilizopigwa chapa katika karakana ya reli wakati vita vimekata njia ya kuleta fedha kutoka Ujerumani. Zina herufi T. Nyingi ni heller 20 na heller 5, na chache ni za dhahabu ya Sekenke, rupia 15 kila moja, zenye tembo mbele ya milima. Za dhahabu zilitengenezwa kama 16,000 tu, na kwa sababu hiyohiyo zimeigizwa sana.

Kutofautisha halisi na bandia huanza na jinsi ilivyotengenezwa. Sarafu halisi za zama hizo zilipigwa chapa, maana yake kipande cha madini kiliwekwa kati ya mihuri miwili na kubanwa kwa nguvu, ndiyo maana herufi zake zina kingo kali na uwanja wake ni laini. Bandia nyingi humiminwa katika kalibu: uso wake una vishimo vidogo vya hewa, herufi zake zimelegea kama zilizoyeyuka, na ukingoni mara nyingine huonekana mstari wa pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Reale ya Maria Theresa ina maneno yaliyoinuka ukingoni, "Iustitia et Clementia", haki na huruma, ambayo waigizaji wengi hushindwa kuyatengeneza. Kwa medali tahadhari ni kinyume kidogo: medali za karne ya 17 na ya 18 mara nyingi zilimiminwa kwa halali, kwa hiyo vishimo pekee havitoshi kuihukumu.

Nenda kwa sonara akupimie uzito. Mizani yake ni sahihi kuliko ya dukani. Reale inapaswa kuwa na gramu 28 na ziada ndogo, ikipungua kidogo kwa kuchakaa. Jaribu sumaku: dhahabu, fedha, shaba na alumini hazivutwi, kwa hiyo "reale" inayorukia sumaku ni chuma kilichopakwa. Tazama na aina ya madini yenyewe. Alumini ilikuwa ghali hadi mwishoni mwa miaka ya 1880, ilipopatikana njia ya kuitoa kwa umeme, hivyo medali nyepesi ya rangi ya kijivu, hata ikiwa na 1830, haifiki nyuma ya muongo wa 1890. Senti ya mwaka 1907 ya Kenya na Uganda ni miongoni mwa sarafu za kwanza za alumini duniani, na haikudumu, kwa sababu hewa ya huku iliila. Kuanzia 1909 ikabadilishwa. Shilingi za 1921 hadi 1946, ambazo watu huziita za fedha tupu, zina robo tu ya fedha ndani yake.

Tundu nalo lina habari zake. Senti zetu za zamani zilitobolewa kiwandani, katikati kabisa, na tundu lina ukingo ulioinuka kidogo kama ulivyo ukingo wa nje. Watu walizitunga kwenye uzi na kuzibeba hivyo. Tundu lililo karibu na ukingo, lenye midomo iliyokwaruzika, lilitobolewa baadaye na mtu aliyetaka kuvaa sarafu shingoni, na alama ya risasi ya kulehemu juu ya kichwa cha Malkia Victoria inaonyesha kwamba paliwahi kuwa na kipete. Reale na rupia nyingi zilivaliwa hivyo kama mapambo, na ndiyo sababu sarafu na medali huchanganywa. Ukiona kipande chenye kipete, tafuta thamani: sarafu kwa kawaida hutaja nchi, mtawala au kiasi, wakati medali hutaja mtakatifu, sala au mahali pa hija. Neno "Italy" au "France" lililopigwa kwa Kiingereza nyuma ya medali huashiria kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje, na kwa kawaida ni cha baada ya 1891, Marekani ilipoanza kudai bidhaa zitaje nchi zilikotoka.

Katika senti hizo zenye tundu kuna moja inayostahili maneno mawili. Ni ya 1936, yenye jina la Edward wa Nane, aliyekalia kiti cha ufalme kwa muda usiofika mwaka mmoja. Kwa kuwa sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuwahi kutumika, wengi hudhani senti yake ni adimu pia. Sivyo. Senti zenye tundu hazikuhitaji sura, jina lilitosha, nazo zilipigwa kwa wingi zikatumika Afrika Mashariki yote. Ni ukumbusho mzuri wa utawala mfupi, na bei yake ni ndogo.

Limebaki kundi gumu kuliko yote: sarafu zisizo na mwaka wowote. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa ni ndogo, nyembamba, na zina maandishi ya Kiarabu yaliyofanyiwa vina: upande mmoja jina la sultani, kwa mfano Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yanayoishia kwa sauti ileile. Hakuna tarehe. Kwa muda mrefu wataalamu walimweka sultani huyu Ali karne nyuma au mbele kwa kubahatisha, mpaka mwaka 1984 ilipofukuliwa hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba, yenye sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimia, watawala wa Misri wa zama hizo. Dinari hizo zilikuwa na miaka yake, na kwa kukaa kwao pamoja na sarafu zisizo na mwaka, Ali bin al-Hasan akapata mahali pake katika karne ya 11. Jirani ndiye aliyemtolea ushahidi.

Linganisha na sarafu tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 na askari mmoja katika ufuko wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, pamoja na sarafu nne za Waholanzi. Zilikuwa zimelala mchangani, bila tabaka la udongo wala kitu kingine cha kuzifunga na wakati fulani, na mpaka leo watu wanabishana zilifikaje huko. Ndiyo maana nawasihi wanaookota sarafu Kilwa Kisiwani au kwenye mahame mengine baada ya maji kupwa wasifukue na wasihamishe kitu. Piga picha mahali kilipo, andika ulipopakuta, kisha waarifu watu wa mambo ya kale. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake, inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na sheria ya Kenya ya 2006 inalinda vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Kwa reale yenye 1780, basi, kujua ilipigwa chapa lini hasa kunaweza kuwa suala la kisheria.

Kwa kile kilichomo nyumbani tayari, usikisugue. Sisi tumezoea kung'arisha shaba kwa ndimu, ukwaju na majivu, na kwa masinia hiyo ni kazi njema. Kwa sarafu ni hasara isiyorekebishika, maana asidi hula ngozi ya juu ya madini pamoja na herufi zilizobaki. Kutu ya kijani iliyotulia inailinda shaba iliyo chini yake. Ukishindwa kusoma, zima taa ya chumba, mulika tochi kutoka kando karibu na usawa wa sarafu, na vivuli vitainua maandishi ambayo mwanga wa juu uliyaficha. Kisha uweke kila kipande katika bahasha yake ya karatasi, si mfuko wa plastiki unaofungia unyevu wa pwani, na uandike juu yake uzito, madini, cheo kilichosomeka, nani aliyekuwa nacho kabla yako na alikipata wapi. Mwaka ulioandikwa kwenye madini uandike mwisho.